Upuuzi Wenye Sheria: Namna ya Kuzisoma Hadithi za Watoto za Enzi ya Malkia Victoria

Neno upuuzi limetokana na kitenzi kupuuza, na ndiyo maana Mswahili akiambiwa kwamba kuna tawi zima la fasihi ya watoto liitwalo fasihi ya upuuzi, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba hapo hapana cha kusomwa. Kinachopuuzwa ni kile kisichostahili kusikilizwa. Hata hivyo, tungo ambazo Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, walizibatiza jina hilo zinamdai msomaji usikivu mkubwa kuliko hadithi nyingi za kawaida, kwa sababu kila neno ndani yake limewekwa mahali pake kwa hesabu. Mkanganyiko huu wa jina umeleta mkanganyiko wa pili, nao ni kudhani kwamba kila hadithi ya ajabu ya enzi ile ni ya aina moja, ilhali zipo zilizoandikwa ili ziaminiwe, zipo zilizoandikwa ili zihubiri, na zipo chache ambazo hazitaki kuaminiwa wala hazihubiri, bali zinamtaka msomaji afuate kanuni moja mpaka ifike mwisho wake.

Mtoto wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne ya 19 alipewa vitabu vyenye shabaha moja, yaani kumrekebisha. Mashairi ya mchungaji Isaac Watts, yaliyochapishwa 1715, yalikaririwa majumbani na madarasani kwa zaidi ya karne moja. Bi Sarah Trimmer, katika jarida lake la malezi lililotoka kati ya 1802 na 1806, aliwaonya wazazi kuhusu ngano za maajabu kwa hofu kwamba zingewajaza watoto woga na fikra potofu. Mlango ulifunguka polepole: ngano za ndugu Grimm zilitafsiriwa kwa Kiingereza 1823, na za Hans Christian Andersen zikafuata 1846. Hata hapo vita havikwisha. George Cruikshank, mchoraji aliyezipamba ngano za Grimm kwa picha zake, baadaye alianza kuziandika upya ngano za kale ili zikemee ulevi, na mwaka 1853 Charles Dickens alimjibu kwa makala kali akitetea haki ya ngano kuachwa ilivyo. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu vitabu vilivyokuja muongo mmoja baadaye vilizaliwa katikati ya ugomvi huo.

Mwaka 1863 mchungaji Charles Kingsley alitoa *The Water-Babies*, kisa cha Tom, mtoto mfagia dohani ambaye anaingia mtoni na kugeuka kiumbe mdogo wa majini. Watoto waliopandishwa ndani ya dohani za moshi walikuwepo kweli katika miji ya Uingereza. Sheria ya kuwalinda ilipitishwa mwaka uliofuata, 1864, ila ikabaki dhaifu mpaka ilipopitishwa nyingine yenye meno mwaka 1875. Kingsley aliipenda sayansi, na alikuwa miongoni mwa makasisi walioyapokea mawazo ya Darwin bila hofu, kwa hiyo maji ya hadithi yake yamejaa wadudu, samaki na mabishano ya wataalamu. George MacDonald naye aliandika kisa kilichotoka kama kitabu mwaka 1871 cha mtoto aitwaye Diamond, mwana wa dereva wa gari la farasi, ambaye kitanda chake kiko juu ya zizi na ambaye usiku hutembelewa na Upepo wa Kaskazini katika umbo la bibi mwenye nywele ndefu. Upepo huo unamchukua mpaka nchi iliyo nyuma yake, na msomaji mtu mzima anang'amua taratibu kwamba nchi hiyo iko jirani na mauti. Hizi ni hadithi za njozi. Ulimwengu wake ni wa ajabu, lakini ajabu hiyo inasimama badala ya kitu kingine: dhambi na toba, mateso ya watoto maskini, kifo cha mtoto anayependwa. Kwa maoni yangu MacDonald amemzidi Kingsley mbali sana, kwa kuwa Kingsley hawezi kumwachia msomaji kurasa tatu bila kumshika sikio na kumfundisha, ilhali MacDonald anajua kunyamaza.

Upuuzi ni jambo jingine kabisa, na wa kumtazama kwanza ni Edward Lear. Alizaliwa London mwaka 1812, akajipatia riziki tangu ujana kwa kuchora ndege, hasa kasuku, kwa ustadi ambao wataalamu wa viumbe wanauheshimu mpaka leo. Katika miaka ya 1830 aliajiriwa na tajiri mwenye cheo, bwana wa jumba la Knowsley karibu na Liverpool, ili amchoree wanyama wa bustani yake, na ni kwa ajili ya watoto wa jumba lile alipoanza kutunga vishairi vifupi na kuvichorea vikatuni. Vilichapishwa 1846 kwa jina la kubuni, kisha vikatoka kwa jina lake mwenyewe katika chapa iliyoongezwa ya 1861.

Umbo la vishairi hivyo ni la masharti magumu. Vina mistari mitano, ambapo wa kwanza, wa pili na wa tano ina kina kimoja, huku wa tatu na wa nne, ambayo ni mifupi, ikiwa na kina chake. Na kwa Lear mstari wa mwisho mara nyingi hurudi kwenye neno lilelile lililoufunga mstari wa kwanza. Msomaji aliyelelewa na tarbia, anayejua kwamba shairi likikosa mizani moja limevunjika, ataelewa mara moja kwamba mtu hawezi kuandika hivyo kwa kubwabwaja. Katika kimoja maarufu, mzee mwenye ndevu analalamika kwamba jambo alilolihofia limetokea: bundi wawili na kuku mmoja, vipozamataza wanne na kindege mmoja mdogo wamejenga viota vyao ndevuni mwake. Tazama hesabu. Lear hasemi ndege wengi. Anasema wawili, mmoja, wanne, mmoja, na anachora picha ambayo unaweza kuwahesabu wote wanane. Kisa hakiwezekani, lakini orodha yake ni ya mtu aliyezoea kuandika taarifa za maonyesho ya wanyama. Katika kingine, mzee wa mji wa Whitehaven anacheza dansi na kunguru, watu wanasema ni upuuzi kumtia moyo ndege huyo, na kwa hiyo wanamponda mzee. Neno "kwa hiyo" ndilo linalotisha: kosa, hukumu na adhabu vimepangwa kama katika hadithi yoyote ya kuadibu watoto, ila kosa lenyewe halipo. Lear, aliyeishi na kifafa na huzuni za mara kwa mara na kuvificha vyote viwili kwa watu, alijua vizuri jinsi "watu" wanavyomtazama mtu asiyefanana nao.

Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hesabu wa chuo cha Christ Church, Oxford, Charles Lutwidge Dodgson, alipiga makasia mtoni hadi Godstow akiwa na rafiki yake Robinson Duckworth na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith Liddell. Alice, aliyekuwa na umri wa miaka 10, aliomba hadithi waliyosimuliwa njiani iandikwe. Dodgson aliiandika kwa mkono wake na kuichorea, akamkabidhi Novemba 1864. Familia ya George MacDonald, waliokuwa rafiki zake, ilisomewa mswada na ikamhimiza auchapishe. Kitabu, kisa cha msichana aitwaye Alice katika nchi ya ajabu, kikatoka kwa wachapishaji Macmillan mwaka 1865 kwa jina la kubuni la Dodgson, Lewis Carroll, kikiwa na picha 42 za John Tenniel, na chapa ya kwanza ya nakala 2,000 ikaondolewa sokoni kwa sababu Tenniel hakuridhika na uchapaji wa picha zake. Kitabu cha pili, kile cha Alice kupenya kioo, kilifuata mwishoni mwa 1871.

Kazi ya kwanza ya Carroll ilikuwa kuichukua mizigo ya kuadibu na kuitoa kilichomo huku akiuacha ufungaji wake. Watts alikuwa na shairi linalomsifu nyuki mdogo mwenye bidii, ambalo kila mtoto wa Kiingereza alilijua kwa moyo. Alice anapojaribu kulikariri, vina na mapigo vinatoka salama, ila nyuki amegeuka mamba: mamba anang'arisha mkia wake kwa maji ya Nile, anatandaza makucha yake kwa unadhifu, na anawakaribisha samaki wadogo kwa taya zenye tabasamu la upole. Bidii ipo, usafi upo, ukarimu upo. Ili kuonja kilichompata msomaji wa 1865, Mtanzania na alikumbuke lile shairi la shuleni la baba aliyerudi kutoka safari ya mbali na kuwausia wanawe kwamba mali wataipata shambani, kisha afikirie mtoto akisimama mbele ya darasa, akilighani kwa mahadhi yaleyale, na kinywani mwake baba anageuka fisi anayewausia wanawe zizi la jirani. Wala Carroll hakuficha alichokuwa akikilenga. Mhusika wake aitwaye Dachesi, anayemganda Alice bega kwa bega, anatangaza kwamba kila jambo lina funzo ukiweza tu kuliona, kisha anaambatisha mafunzo yasiyohusiana kabisa na mambo yanayosemwa.

Kazi ya pili ni ya maneno yenyewe. Katika kitabu cha pili Alice anakutana na shairi la Jabberwocky, ambalo ubeti wake wa kwanza Carroll aliutunga mapema mwaka 1855 kwa jarida la nyumbani kwao, na ambalo maneno yake mengi hayakuwamo katika kamusi. Alice anasema kwamba shairi hilo linamjaza mawazo kichwani, ila hajui ni mawazo gani hasa. Anachojua ni kwamba kuna mtu ameua kitu. Baadaye Humpty Dumpty, yule yai la vishairi vya watoto, anamweleza kwamba baadhi ya maneno hayo ni kama sanduku la safari lenye pande mbili, ambamo maana mbili zimefungwa pamoja. Sisi tunayo maneno ya namna hiyo na tunayatumia bila kushtuka: chakula cha mchana kimefungwa katika chamcha, na chakula cha jioni katika chajio.

Lakini siri kubwa zaidi iko kwenye sarufi, na Kiswahili kinaionyesha vizuri kuliko Kiingereza. Chukua sentensi hii niliyoitunga sasa hivi: "Vigulumbi vitelezembe vilikuwa vikibirizana pembezoni mwa mgwezo." Hakuna aliyewahi kukiona kigulumbi. Hata hivyo kila msomaji anajua kwamba kimoja kinaitwa kigulumbi, kwamba viko zaidi ya kimoja, kwamba tendo wanalofanya wanatendeana, kwamba lilichukua muda na sasa limekwisha, na kwamba mgwezo ukiwa miwili itakuwa migwezo. Atahisi pia kwamba vinateleza na kwamba ni vizembe. Ningeandika "wagulumbi watelezembe", picha ingebadilika papo hapo, kwa sababu ngeli ya watu na wanyama ingewapa uhai mwingine. Maana ya maneno imeondolewa, na ngeli, nyakati na viambishi vimebaki vimesimama, kama fremu ya nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Hicho ndicho Carroll alichokifanya, na ndiyo sababu shairi lake halisomeki kama kelele.

Kwa kuwa upuuzi unakaa ndani ya sarufi ya lugha moja, kuuhamisha ni kazi ya kujenga upya. Katika kitabu cha pili Mfalme Mweupe anamwomba Alice atazame njiani kama anawaona wajumbe wake. Katika Kiingereza, neno la kusema kwamba hakuna mtu ni kiwakilishi, kinachoweza kukaa mahali pa jina la mtu, kwa hiyo Alice anaposema kwamba hamwoni yeyote, Mfalme anasikia kwamba amemwona Bwana Asiyekuwepo, na anamwonea wivu kwa macho makali namna hiyo. Kiswahili hakina kiwakilishi hicho, kwa sababu sisi tunakanusha ndani ya kitenzi. Mfasiri atakayeandika "simwoni mtu" ameliua chekesho. Lakini akitega sikio atasikia kwamba sisi pia tuna mlango wetu: Alice atazame njiani na kujibu, "Naona hayupo." Hapo Mfalme anaweza kuguna na kusema, "Laiti ningekuwa na macho kama yako! Kumwona Hayupo, tena kwa umbali huu!" Kiambishi cha ukanushi kimegeuka jina la mtu, na sarufi ya Kiswahili imetenda lile lile kwa njia yake.

Wafasiri wa Kiswahili wamekutana na maswali ya namna hii angalau mara mbili kwa kitabu cha kwanza. *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies, ilichapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1940, na picha zake ziliigiza za Tenniel huku zikimwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015, kitabu cha asili kilipotimiza miaka 150, ilitoka *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London. Kati ya majina hayo mawili tu kuna uamuzi mzito. Elisi anamwalika mtoto wa pwani ajione ndani ya kisa; Alisi anakaribia zaidi sauti ya jina la asili. Sioni sababu ya kuikataa njia yoyote kati ya hizo, kwa kuwa msimulizi wetu anayeanza kwa "uongo njoo, utamu kolea", au yule wa Unguja anayepanga maneno ya "kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa" kabla hata kisa hakijaanza, amewazoesha watoto tangu zamani kwamba sauti inaweza kutangulia maana.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinamwendea Carroll vizuri kuliko lugha yake mwenyewe. Kwenye karamu ya chai, Alice anawalaumu Mshona Kofia na Sungura wa Machi kwa kupoteza wakati, naye Mshona Kofia anamsahihisha kwamba kama angemfahamu Wakati kama yeye anavyomfahamu, asingemtaja kama kitu. Kwetu sahihisho hilo ni silabi moja: usiseme kuupoteza, sema kumpoteza. Ngeli ya U imepanda cheo na kuwa ngeli ya mtu, na tangu hapo Wakati ana hisia, anaweza kugombana na watu, na kweli amegombana na Mshona Kofia tangu mwezi Machi. Kwa hasira amesimamisha saa kwenye kumi na mbili ya jioni, ambayo kwao ilikuwa saa ya chai.

Hapa ndipo ile kanuni niliyoitaja mwanzoni inapoonekana ikifanya kazi. Ikiwa saa haisogei, basi ni saa ya chai daima. Ikiwa ni saa ya chai daima, hakuna nafasi ya kuosha vikombe. Ikiwa vikombe haviwezi kuoshwa, kinachobaki ni kuhamia kiti kinachofuata chenye kikombe safi, na ndiyo maana meza ni kubwa na imeandaliwa kwa watu wengi ingawa wanywaji ni watatu. Kila hatua imetoka katika hatua iliyotangulia bila kosa lolote. Kilicho cha ajabu ni mahali pa kuanzia tu. Alice, ambaye ni mtoto mwenye akili iliyonyooka, anauliza swali linalofuata: mkizunguka mpaka mkarudi kwenye kiti cha kwanza, inakuwaje? Sungura wa Machi anapiga miayo na kupendekeza wabadilishe mazungumzo.

Jambo hilohilo linajirudia ufukweni, anapokutana na Kasa wa Bandia. Jina lake lenyewe limetokana na kufuata kanuni bila huruma. Supu ya kasa ilikuwa ghali, kwa hiyo wapishi wa Kiingereza walitengeneza supu ya kuiga kwa kichwa cha ndama. Na ikiwa kuna supu ya kasa wa bandia, basi lazima awepo kasa wa bandia anayepikwa. Tenniel alimchora ana gamba na mapezi ya kasa, kichwa na mkia na miguu ya nyuma ya ndama. Mnyama huyu anasimulia, huku akilia, kwamba shuleni kwao baharini siku ya kwanza walisoma kwa muda wa saa kumi, ya pili saa tisa, na kuendelea kushuka. Katika Kiingereza utani umejengwa juu ya maneno mawili yenye sauti moja, la somo na la kupungua, na kabla ya hapo kuna utani mwingine tofauti juu ya jina la mwalimu wao, ambaye alikuwa kasa. Wafasiri duniani wamehangaika na jozi hizi mbili. Kiswahili kinazifunga zote katika neno moja lililokuwepo tayari, kwa kuwa wazee wa pwani husema saa tatu kasa robo pale ambapo wengi leo husema kasorobo. Kasa wa Bandia wa Kiswahili angesema: "Tulimwita Kasa kwa sababu kila siku alitufundisha kasa saa moja."

Alice anapiga hesabu. Saa kumi, tisa, nane. Siku ya kumi na moja basi ilikuwa ya mapumziko? Anajibiwa kwamba ndiyo, bila shaka. "Na siku ya kumi na mbili mlifanyaje?" Kumi kasa kumi na moja ni saa moja chini ya sifuri, na mwalimu wa hesabu aliyeuandika ukurasa huo alilijua jibu hilo vizuri. Lakini Gryphon, yule mnyama mwenye mabawa anayeketi kando ya Kasa, anakatiza kwa sauti ya amri kwamba ya masomo yatosha, na anamwambia mwenzake amsimulie Alice habari za michezo.